Jambo Nililombania Sayyida

Miaka sita nilimweka Sayyida kiporo. Watu wakiniambia, Rahila, samehe, yule ni mtoto wa ami yako, mmelelewa nyumba moja, nami naitikia inshallah, inshallah, huku rohoni nasema ngoja. Mie sisahau. Mungu kanijaalia sukari na miguu mibovu, lakini kumbukumbu kaniachia nzima.

Mwaniuliza alinifanyia nini? Alimchafulia mwanangu jina. Nawar alikuwa ameposwa na Loai, kijana wa watu, kazi nzuri wizarani Al Khuwair, hapa Maskati, mahari imeshatajwa. Na kama ilivyo ada yetu, watu wa mume wakapita kwa jamaa kuuliza: binti ana tabia gani, ana maradhi gani, kwao kukoje. Wakafika kwa Sayyida, wakanywa kahawa yake, naye akawaambia, kwa huzuni nyingi ati, kwamba maskini Nawar ana kifafa tangu utotoni. Kifafa! Mtoto hajapata hata homa ya kumlaza siku mbili. Posa ikavunjika. Miezi minane baadaye Loai akamuoa Ghadeer, binti wa Sayyida mwenyewe, na mie nikaletewa kadi ya harusi. Nikaenda. Nikakaa mbele kabisa, nikala kila kilichopita, na kila tonge nililomeza nilimuapiza.

Anayenitia hasira zaidi ni Nawar mwenyewe. Kasoma ufamasia, ana kazi yake hospitali moja ya binafsi, ana gari lake, na ukimtajia Sayyida anakwambia, "Mama, mie nishasahau." Umesahau vipi? Si mie niliyekuwa nakusikia unalia bafuni, umefungulia bomba ili nisisikie?

Basi mwaka juzi Sayyida akaenda Bangkok kutibiwa magoti, kama wanavyokwenda watu wetu wengi, akifuatana na Ghadeer. Siku ya tatu nikapata ujumbe wake wa sauti. Sie watu wazima hatuandiki. Macho hayaoni herufi, tunasema tu na simu inapeleka.

"Rahila, nnataka uniulizie kwa Nawar," akasema, na nyuma yake nasikia magari. "Huku mtaani kuna maduka ya bangi, ya halali, mataa na vioo kama maduka ya dhahabu. Mgonjwa mwenzangu, mama wa Kikuwait, kanambia yanaondoa maumivu. Niliingia moja nikatoka mbio, sikujua hata niseme nini. Hebu niulizie, mtu anayekwenda mara ya kwanza inampasa ajue nini? Kumpigia mwenyewe naona haya."

Anaona haya! Nikausikiliza mara mbili. Yule mwenye kifafa leo amekuwa tabibu wake.

Nawar aliporudi kutoka kazini nikamweleza, nikidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka mkoba wake mezani akaanza kunieleza kama anavyowaeleza wagonjwa pale dirishani kwao. Kwanza amuulize daktari wake wa huko. Kisha aende duka lenye leseni, si kibanda cha njiani. Achukue pasi, watataka kujua umri. Asijitie mjuzi, amwambie muuzaji waziwazi kwamba hajapata kutumia, amtajie na dawa zake zote, ya presha na ya kulainisha damu. Asivute. Kuna mafuta ya kupaka na kuna pipi. Akichukua pipi aanze na robo, akae saa mbili nzima bila kuongeza, kwa sababu ya kula inachelewa kupanda, na watu huona haijafanya kitu wakala nyingine, halafu dunia ikaanza kuwazunguka. Ghadeer awe karibu naye, na siku hiyo asitoke.

"Na hili ndilo kubwa, Mama," akasema. "Asirudi na kitu. Hata pipi moja, hata kichupa cha mafuta. Huko ni halali, hapa ni jela, na watu wa forodha hawatamuuliza goti. Umwambie hili kabla ya mengine yote."

"Nitamwambia," nikasema.

Na wallahi nilikuwa na nia. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikabonyeza simu nikaanza. Nawar kasema leseni, Nawar kasema pasi, Nawar kasema robo, Nawar kasema saa mbili. Nikafika kwenye lile kubwa, na mara nikamuona akilini Sayyida na buli lake la kahawa, anawamiminia watu wa Loai huku anatikisa kichwa, maskini Nawar, maskini Nawar. Nikasema, "Basi, ni hayo tu. Mungu akuponye." Nikaachia kidole, ujumbe ukaenda.

Moyo ulinienda mbio, na haukuwa wa khofu, nisiwadanganye. Ilikuwa furaha. Nilijihisi kijana.

Siku tatu nzima akawa ananiletea khabari zake. Kenda, katoa pasi, msichana wa dukani kamuinamia kwa adabu kama mkwe, kamfungia vitu vyake kwenye pakiti. Robo tu kala na goti limenyamaza! Kashuka ngazi kwa miguu yake! Nami namjibu, "Mashallah, bibi we, mashallah." Halafu akaleta ujumbe mwingine, na huu sauti yake ilikuwa ya polepole.

"Rahila, nimenunua makopo matatu ya pipi na mafuta ya kupaka. Nije nazo Maskati? Wasemaje?"

Kaniuliza mwenyewe, kwa ulimi wake! Nikakaa kitandani na simu mkononi. Ningeweza kusema la. Neno moja tu, la. Nikabonyeza nikasema, "Njoo nazo, Sayyida. Nawar kasema haina neno."

Baada ya muda mfupi akajibu: "Sanduku langu limejaa. Nitazitia kwenye la Ghadeer."

Hapo, nikwambieni kweli, nilisita. Ghadeer hakuwa na kosa. Alipoolewa hakujua lililosemwa, na alikuwa kamwacha Maskati mtoto wa miaka miwili kwa wakwe. Nilinyanyuka nikaenda jikoni, nikanywa maji, nikarudi. Lakini mtu ukishangoja miaka sita na mlango ukafunguka, miguu inakwenda yenyewe. Nikasema, "Tia. Zitoe kwenye makopo uzichanganye na pipi za zawadi. Nani atajua?"

Maana mwajua sie na masanduku ya zawadi. Mtu harudi safari mikono mitupu: kila nyumba na fungu lake, vitambaa, sabuni, peremende za watoto. Nani angetazama?

Wangetazama. Nilikuwa nnaomba watazame.

Siku ya kurudi kwao ilikuwa Alkhamisi, ndege inatua adhuhuri. Nikakoga, nikavaa nguo yangu ya Idi, nikafukiza udi. Nikapika kahawa, nikakata halwa, nikapanga vikombe kumi na viwili, kwa sababu khabari ikishaenea jamaa wangemiminika kwangu, nyumba yangu ya Al Khuwair ya Kusini ndiyo iliyo karibu na barabara. Nikajitazama kwenye kioo nikajifundisha uso wa huzuni. Maskini Sayyida, nikakiambia kioo. Maskini Ghadeer. Nani angedhani? Uso ulikuwa mzuri kabisa.

Saa saba, kimya. Saa nane, kimya. Nikasema sasa wanafungua sanduku. Nikasema sasa wanampeleka chumba cha pembeni. Saa tisa kengele ya mlango ikalia, nikautengeneza uso wangu nikaenda kufungua.

Sayyida alikuwa amesimama pale kwa miguu yake, na nyuma yake Nawar, ameshika ufunguo wa gari.

"Nimefika salama, Rahila," akasema. "Hukuniuliza."

"Alhamdulillah," nikasema. "Karibu, karibu ndani. Na vile vitu...?"

"Nimevitupa Bangkok." Akaingia, akakaa bila kukaribishwa tena. Nikammiminia kahawa, hakuigusa. "Ile siku ya pili baada ya kwenda dukani, Nawar alinipigia. Alitaka kunionya juu ya dawa yangu ya damu. Akanambia, bila shaka Mama kashakwambia usirudi nazo. Nikamwambia hajanambia. Akasema labda kasahau. Na mie nikasema labda kasahau. Ndipo nikakuuliza mwenyewe, nije nazo? Ukanambia njoo. Nikasema pengine hajaelewa. Nikakutajia Ghadeer, nikasema mtoto yule utamuonea huruma. Ukanambia tia."

"Mie sikujua sharia zao," nikasema.

"Ulijua, Mama," akasema Nawar pale mlangoni. "Nilikwambia mie."

Nikatafuta pa kutazama, macho yakaangukia vile vikombe kumi na viwili.

"Nilimsingizia mtoto wako," Sayyida akasema. "Hakuwa na kifafa wala chochote. Nilimtaka Loai kwa Ghadeer, basi. Leo Nawar kaja kutupokea uwanjani, nimemtaka radhi garini, Ghadeer anasikia, na Ghadeer tangu hapo hanisemeshi. Na wewe nilikusudia nije nikuangukie miguuni, maneno nilikuwa nimeshayapanga tangu Nawar aliponipigia. Mtoto niliyemuharibia ndiye aliyeniokoa, nikaona haya mbele ya Mungu. Lakini tangu nilipoisikia ile 'tia' yako, kila nikiyatafuta yale maneno siyaoni. Mie nilikuvunjia posa. Wewe ungemzika mwanangu jela."

Akanyanyuka, akashika ukuta kwa ajili ya goti, akatoka.

Miaka sita nimengoja kuyasikia yale. Nilikuwa nikiyasikia ndotoni, na katika ndoto yeye analia na mie nimekaa juu nimeshika kifimbo. Sasa kayasema kweli, hata kwikwi moja hakutoa.

"Haya nenda!" nikampigia kelele mgongoni. "Nenda, mnafiki mkubwa we! Leo ndiyo unajua uchungu wa mtoto?"

Hakugeuka. Nikamgeukia Nawar. "Umemuona? Umemuona alivyo? Kaja kwangu kunihukumu!"

Nawar hakumfuata mara moja. Aliingia akafunga mlango, akakaa pale alipokuwa amekaa Sayyida.

"Kanisikilizisha garini ujumbe wako wote," akasema. "Nawar kasema robo. Nawar kasema haina neno, njoo nazo. Sauti yako, Mama, na jina langu. Wangemkamata, simu yake wangeifungua. Unajua wangekuja kumchukua nani baadaye?"

Wallahi sikuwa nimelifikiria hilo. Katika hesabu zangu zote, za Sayyida na za Ghadeer, mwanangu nilikuwa nimemwacha nje, amekaa pembeni ananitazama nikimlipia kisasi chake.

"Mie nilikuwa natetea haki yako," nikasema.

"Haki yangu sikukutuma." Hakupandisha sauti, na bora angepandisha. "Sayyida alinisingizia maradhi. Wewe umenisingizia kwamba nimewatuma watu waingize bangi Maskati. Kazi yangu ingekwenda, na mie ningekwenda nayo. Yeye leo kanitaka radhi, Mama."

Akaweka mikono juu ya magoti, akanitazama usoni, akangoja. Nilijua anangoja nini, hata mtoto mdogo angejua. Na mie Rahila, mwenye ulimi huu mnaoujua nyote, nikasogeza sinia mbele yake nikamwambia anywe kahawa, itapoa.