Mbwa wa Bwana Marufuku

Fundi cherehani alikuwa mwoga wa mbwa, na hakuona haya kulisema. Aling'atwa utotoni kwenye shavu la mguu, na tangu hapo akisikia mbwa akibweka hata mtaa wa pili, mguu ule humcheza wenyewe. Na Mungu, kwa hekima zake, akampa jirani mwenye mbwa mkubwa kama ndama.

Jirani mwenyewe watu walimwita Bwana Marufuku, maana geti lake lilijaa maandishi mekundu: marufuku kuegesha, marufuku kuuza, marufuku kuhubiri. Hilo la mwisho aliliandika siku kina mama wa kanisani walipomgongea wamkaribishe ibadani. Hakuwa na mke, mtoto wala mgeni.

Moyo ulipomgomea akakimbizwa hospitali, kina mama hao hao walikutana siku ya tatu mchana nyumbani kwa fundi kumwombea. Waliomba vizuri mpaka machozi yakawatoka. Upande wa pili wa ukuta mbwa alikuwa analia kwa sauti iliyokwisha kukauka, nao wakazidisha sauti zao.

Muuguzi, ambaye ni mwenzao, aliingia wakiitikia amina. Hakuketi.

"Mama zangu, mzee anang'oa mipira ya dripu. Kesho anatakiwa apasuliwe, hataki. Anasema anarudi nyumbani, mbwa wake atakufa njaa. Akirudi, tukachimbe kaburi tu. Funguo zake hizi hapa. Nani anakwenda kumlisha?"

Ghafla kila mmoja akakumbuka chungu alichoacha motoni. Mwingine goti likaanza kumuuma hapo hapo. Dada wa fundi, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema, "Yesu alisema tumpende jirani. Mbwa hakumtaja."

Wakacheka. Fundi naye alicheka, kisha akaona aibu, maana mlango wake ndio uliokuwa karibu kuliko yote. Akazipokea funguo.

"Mdogo wangu, una wazimu?" dada yake akauliza.

"Ninao. Nipakulie wali, na ile mifupa."

Getini hakupata hata moja ya zile sala nzuri za kikundi. Alisema tu, "Yesu, Yesu, Yesu," akafungua.

Mbwa alikuwa kibarazani, mbavu nje. Alisimama akanguruma, ngurumo ya kutoka tumboni. Fundi aliweka bakuli chini, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota kwenye geti.

Mbwa alinusa chakula, asile. Alimtazama fundi, akaenda kibarazani, akarudi, akamtazama tena, akabweka. Fundi nusura apande geti.

"Si ule basi, we mnyama!" alisema.

Ndipo akaona. Kibarazani palikuwa na kigoda kimoja, na mbele yake sahani mbili pamoja: ya bati ya mbwa, na nyingine yenye kijiko, wali umekaukia. Bwana Marufuku alikuwa akila na mbwa wake. Miaka yote hiyo, mtu mzima hana wa kula naye, na ukuta mmoja tu ndio uliomtenga na meza ya fundi. Fundi aliumia moyo. Lakini kuumia moyo hakuondoi hofu, na kigoda kilikuwa mbali na geti, na mbwa alikuwa katikati.

Aliokota bakuli, akapita nalo. Kapitaje, hata yeye hajui. Aliketi, akamtilia mbwa sehemu yake kwenye sahani ya bati, meno ya mnyama yakiwa usawa wa shingo yake. Akachota wali kwa vidole akautia mdomoni. Akaumeza kwa nguvu kama dawa. Mbwa akainamisha kichwa, akaanza kula.

Wakala hivyo, jasho likimchuruzika fundi mgongoni. Mbwa alipomaliza alijilaza juu ya miguu ya fundi, akafumba macho. Fundi aliogopa hata kupumua. Simu ikaita, ni muuguzi, amekwisha kufika wodini.

"Hataki kuniamini. Ongea naye mwenyewe."

"Kala?" iliuliza sauti nzito, iliyochoka.

"Kala, mzee."

"Mwongo. Yule hali peke yake."

"Nimekula naye. Nimekaa kwenye kigoda chako."

Fundi alisikia mashine ya wodini ikilia.

"Wewe nani?"

"Jirani yako. Fundi wa hapa ukutani."

"Si ndiye wewe unayepiga mayowe ukiona mbwa?"

"Ndiye mimi. Hata sasa naogopa, mzee. Kanilalia miguuni, siwezi kuondoka."

Fundi akamsikia mzee akimwambia muuguzi, "Haya, mwambie daktari nimekubali." Aliporudi kwenye simu, sauti ilikuwa imepungua.

"Kesho wananifungua kifua," alisema. "Mimi pia naogopa."

Fundi aliibana simu sikioni.

"Basi tuogope wote, mzee. Usikate simu."

Mzee hakukata.