Do ya Plasta

Mikaeli alibandika plasta za kidonda kwenye kinanda cha kwaya, kila kitufe na herufi yake ya do-re-mi: D, R, M, F, S, L, T. Tangu siku hiyo akawa anaulinda muziki kama trafiki. Do iko hapa, basi. Mtu asiiguse.

Tulitoka Njombe juu ya magunia ya viazi, tunakwenda Makambako kurekodi kaseti. Mansoor, muuza redio, alikuwa amegeuza stoo yake kuwa studio: magodoro ukutani na maikrofoni za Dubai. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Esnath. Aliutunga baada ya mama yake kufariki hospitali ya Ikonda, na alikuwa auongoze mwenyewe.

Akaimba. Kufika juu, sauti ikakatika. Akarudia, ikakatika palepale.

"Hawezi," Mikaeli akasema bila hata kumtazama. "Aimbe Margareth."

Mimi nilikuwa na gitaa, nikadakia.

"Kaka Mikaeli, ushushe wimbo. Moja iwe kwenye S."

"Moja ndio nini?"

"Nyumbani, pale wimbo unapotulia. Hesabu kutoka hapo: huu unakwenda nne, unakwenda tano, unarudi moja. Nusu ya nyimbo za baa hapa Makambako zinafanya hivyohivyo. Ukihamisha moja, nne na tano zinaifuata. Moja S, nne D, tano R. Kwisha!"

"S ni so! So itakuwaje do?"

"Kwani Mwalimu Ezekieli akitupa do kwa kifilimbi chake, huwa ameibandua kwenye plasta? Leo juu, kesho chini, na wewe unaimba tu. Mdomo unahama, vidole vimefunga ndoa na plasta?"

Mansoor akaangua kicheko. Mwalimu Ezekieli, kiongozi wetu, hakucheka.

"Bwana mdogo, adabu. Kinanda hiki kimenunuliwa na usharika mzima, lazima kisikike. Margareth, njoo mbele."

Yaani mtu anyang'anywe mama yake kwa ajili ya plasta! Nilitamani nizibandue zote nimzibe nazo Mwalimu mdomo.

Esnath hakusogea. "Nipe moja yangu," akaniambia.

Nikaipiga, chini, mahali pake. Akaanza. Na kwaya yetu bwana, ukishaipa do haiulizi imetoka wapi: besi wakaingia, wa sauti ya teno wakaingia, na Margareth naye, huko nyuma. Mikaeli akabonyeza F yake, ukatoka mlio wa mbuzi aliyekanyagwa.

"Toa mkono!" Margareth akamkemea. Akautoa.

Pale juu palipomshinda, safari hii Esnath alipita akiwa anatokwa machozi, na sauti haikutetereka. Mwalimu alisimama tu, mikono mfukoni, amenuna.

"Imeingia," akasema Mansoor.

"Futa," Mwalimu akasema. "Tunarudia, na kinanda."

Esnath akafunga kitenge chake vizuri. "Rudieni nyingine, Mwalimu. Huu nimeshauimba."

Akatoka nje. Mansoor akaichomoa kaseti kwenye mashine, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.