Soksi Isiyofuliwa

"Soksi tatu," daktari wa mifugo alisema, akizinyoosha moja moja kwenye trei. "Na hiki sijui ni kitu gani. Mpira wa kaptula?"

"Wa pajama," dobi alisema. "Ya mwalimu."

Aliijua kwa uzi. Kila nguo iliyopita mikononi mwake aliitia alama ya uzi upande wa ndani, kila mteja na rangi yake, na mwalimu alikuwa kijani. Hata baada ya kukaa siku nne tumboni mwa mbwa, ule uzi ulikuwa haujachuja.

Mbwa mwenyewe alilala juu ya meza, ulimi nje, tumbo limenyolewa na kushonwa kama gunia la mkaa.

"Nisikilize, mama. Hii ni mara ya pili nampasua. Utumbo wake hauna tena pa kushonea. Akimeza nyingine usihangaike kumleta, mchimbie shimo tu."

"Sawa," dobi alisema.

Tangu mumewe azikwe, miezi mitano sasa, dobi alikuwa na neno hilo hilo. Alipoambiwa mzee amefariki alisema sawa. Walipomwuliza azikwe saa ngapi alisema sawa. Siku ya nne alikuwa kwenye beseni anasuuza mashuka ya watu, na majirani wakanong'ona kwamba yule mama ana roho ya jiwe. Wangejua! Hata hilo jiwe hakuwa nalo. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona, unajua ni wako, unaubonyeza na hausikii kitu.

Mbwa alikuwa wa marehemu. Marehemu alikuwa mwashi, mtu wa saruji na utani, na ndiye aliyempa mbwa jina la Bosi, kwa sababu hafanyi kazi, anakula wa kwanza, na akikutazama unajiona umechelewa. Kwa miaka tisa Bosi hakuwahi kumeza hata kitambaa. Alianza wiki ya mazishi.

Kabla ya kuwaruhusu kwenda, daktari alimfundisha dobi namna ya kumfundisha mbwa. Weka kitu sakafuni. Sema "acha", mara moja tu, bila kelele. Akikirukia, kifunike kwa mkono. Akirudi nyuma mwenyewe, mpe kipande cha maini kutoka mkono mwingine.

"Lakini usije ukampa kile alichokiacha," daktari alisema. "Hata kwa huruma. Akishaacha, ajue kimeachwa."

Dobi alianza siku mshono ulipokauka. Alichagua soksi zake kuukuu, akazifua kwanza, akazianika, akazikunja mbili mbili, ndipo akaziweka sakafuni. Ndivyo mikono yake ilivyokuwa. Kitu kichafu hakikai mbele ya dobi.

Wifi yake, dada wa marehemu, alimkuta amepiga magoti katikati ya chumba na kisahani cha maini.

"Makubwa! Wifi, samaki mkunje angali mbichi. Huyu ameshakauka, utamvunja."

"Acha," dobi alisema. Bosi akaipita soksi, akaja kuchukua zawadi yake.

"Loo! Kaka angekuwepo angecheka mpaka alie." Wifi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Yeye alikuwa na machozi ya karibu. Akaenda kufungua kabati kutafuta kikombe, akarudi ameziba pua. "Buti za kaka bado zimo humu? Na soksi zake ndani! Nyumba ya dobi ina soksi chafu. Kweli mganga hajigangi."

"Funga kabati, wifi."

"Nizichukue basi, kuna fundi anaziulizia..."

"Nimesema funga."

Wifi akafunga. Lilikuwa neno kali la kwanza kumsikia nalo tangu msiba. Kwa miaka ishirini na miwili dobi alimgombeza mumewe asisokomeze soksi ndani ya buti, na kwa miaka ishirini na miwili yeye alizisokomeza. Siku ile ya mwisho pia alirudi kutoka kazini, akavua, akasokomeza, akajilaza kidogo kabla ya chakula. Chakula kilipoa.

Wiki mbili zikapita, na Bosi hakukosea hata mara moja. Dobi akamwambia wifi mbwa amepona. Siku iliyofuata mwalimu alileta furushi lake, na kabla halijafunguliwa Bosi alikuwa ameshatia kichwa ndani. Dobi alisema acha mpaka akapiga kelele. Ilibidi ambane mbwa kwa magoti, amtie vidole kooni, aivute ile soksi kwa kisigino, huku mwalimu amesimama mlangoni anasema pole, pole, asijue anampa pole nani.

Daktari alikuja jioni, akambonyeza Bosi tumbo, akaona liko salama.

"Ulimfundishia soksi gani?"

"Zangu."

"Zinanuka?"

Dobi alimtazama kama aliyetukanwa. "Nilizifua."

Daktari akacheka, kisha akaona dobi hacheki. "Mama, hizo hakuwa anazitaka hata kabla ya somo. Umemfundisha kuacha sabuni. Mfundishe kwa kile anachokitaka kuliko vyote. Akiweza kukiacha hicho, vingine ni mchezo."

Dobi hakuuliza ni kipi. Bosi alikuwa amelala palepale alipolala miezi mitano, pua kwenye upenyo wa mlango wa kabati, na mbao za chini zilikuwa zimechunika kwa makucha yake.

Asubuhi dobi alikata maini, akapiga magoti, akafungua kabati. Soksi ilitoka na umbo la mguu, kisigino kigumu kwa saruji. Hakuinusa. Aliogopa kwamba akiinusa hatasikia kitu, kama ambavyo hakusikia kitu makaburini. Akaiweka sakafuni.

Bosi akatetemeka mwili mzima. Akatoa sauti aliyokuwa akiitoa saa kumi na moja jioni, marehemu alipogonga geti. Akatazama mlango wa mbele.

"Acha."

Pua ikashuka mpaka ikaigusa sufu. Mate yakadondoka. Mkono wa dobi ulikuwa tayari na haukwenda, maana kama ni wa kumeza atameza tu siku yoyote, na shimo litachimbwa. Mbwa akatazama mlango tena. Kisha, taratibu kama mzee anayeinuka kitini, akarudi nyuma.

Dobi akampa maini. Kipande kikamponyoka, na Bosi akakisubiria hata hicho.

Walirudia mpaka adhuhuri. Ndipo wingu likafunga, na dobi, ambaye mvua haijawahi kumkuta na nguo kambani, akatoka mbio kuanua. Alikuwa na mashuka manne begani na vibanio mdomoni alipokumbuka soksi sakafuni. Vibanio vikamwanguka. Alirudi mbio, shuka likiburuzika vumbini nyuma yake.

Bosi alikuwa amelala sakafuni, soksi katikati ya miguu yake ya mbele, kidevu kimelazwa kando yake. Hakuwa ameigusa. Alikuwa peke yake nayo muda wote ule na hakuigusa.

Dobi akakaa chini, juu ya mashuka safi ya watu. Kitu kikamchoma ndani, kwanza mahali pamoja, halafu kila mahali, vile ganzi inavyouma inapotoka. Akaiokota ile soksi, akaiweka puani. Maini. Mate ya mbwa. Saruji kidogo, kwa mbali sana, na chini ya saruji yeye. Akalia hapo hapo, kwa sauti mbaya asiyoijua, na Bosi akasogea akamwegemea.

Baadaye alitoka uani. Maji ya sabuni yalikuwa bado yana uvuguvugu kwenye beseni. Akainyoosha soksi juu yake, akaishikilia hapo.

"Acha," akasema.

Bosi alikuwa ameshaacha; dobi bado. Alikuwa amekaa kando ya beseni na hakuitazama kabisa soksi. Aliutazama mkono mwingine wa dobi, ule unaotoa maini. Dobi naye akautazama. Ulikuwa mtupu, umefunguka, na matone ya mvua yalikuwa yameanza kuupiga, moja moja, na aliyasikia yote.