Ushauri wa Machi

Tangu Wiebke akodi kiwanja cha jirani, Roswitha Kunze hakuwa na raha. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa kila kitu katika bustani zile za kukodi nje ya Leipzig. Nyanya za mtu zikioza kitakoni, Roswitha. Konokono wakimaliza saladi, Roswitha. Naye alijibu bila kumbembeleza mtu: nyanya haitaki kiu leo na mafuriko kesho, saladi imwagilie asubuhi, maana ukimwagilia jioni umewaandalia konokono karamu, na mnanaa ukae chunguni, la sivyo mwakani utakuwa na mnanaa tu, bustani huna.

Aliyeuliza kuliko wote alikuwa Lothar, mgane wa kiwanja cha nyuma. Mkewe Gisela ndiye aliyekuwa mkulima. Yeye kazi yake ilikuwa kuchoma soseji. Baada ya msiba akawa anakuja kila Jumamosi na jani lake bovu mkononi. Roswitha alimimina kahawa, wakakaa mbele ya kibanda chake wakiwasengenya wenye magugu. Siku hizo Roswitha alivaa hereni. Hereni za kuchimbia viazi! Alikuwa anampenda yule mzee, na hakuna haja ya kuzungukazunguka.

Sasa kaja Wiebke, mwanamke wa kaskazini, na kicheko chake cha kusikika mpaka barabarani. Jumamosi moja ya Machi Lothar alipita na trei ya miche ya nyanya, akampungia Roswitha mkono, akaenda moja kwa moja kwenye geti la Wiebke.

"Hebu ona, mbona imerefuka na kulegea namna hii?"

"Umeiweka juu ya hita, sivyo? Joto jingi, mwanga kidogo. Iondoe hapo, Lothar, uipeleke dirishani penye baridi."

"Loo! Wewe mwanamke unaona mpaka sebuleni kwangu."

Wakacheka. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na hilo ndilo lililomkera Roswitha. Kahawa aliyokwisha kuichemsha aliimwaga kwenye mboji.

Mchana ule ule, katika zile saa za utulivu ambazo kanuni hazimruhusu mtu hata kupiga msumari, Wiebke alisogea kwenye uzio.

"Bi Roswitha, samahani. Hii hotensia nimeihamisha kutoka bustani ya marehemu shangazi yangu, sijui hata ni ya aina gani. Niikate au niiache?"

Kile kichaka cha maua kilikuwa bado vijiti vitupu. Roswitha alijua vizuri kwamba hotensia zile za vichwa vya mviringo, zilizojaa kila bustani pale, huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukizikata Machi, umeyakata maua yote ya kiangazi. Angeinama avitazame vile vijiti vizuri, angeona ni aina nyingine. Hakuinama. Masikioni mwake bado kilikuwamo kile kicheko cha asubuhi.

"Kata," alisema. "Mpaka magotini."

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Hotensia ukiidekeza inakutia aibu."

Hakukuwa na mashine iliyonguruma wala mtoto aliyelia. Bustani zote zilikuwa zimelala.

Agosti ilipofika, hotensia ya Wiebke ilichanua vichwa virefu vyeupe vilivyochongoka, vikubwa kuliko mkate. Ilikuwa ile aina inayochanua kwenye machipukizi mapya, inayopenda kukatwa. Kwenye sikukuu ya kiangazi Wiebke alimshika Roswitha mkono, akamzungusha mbele ya watu na sahani zao za viazi. "Ni yeye huyu! Mimi nilitaka kuiacha!" Watu wakapiga makofi. Roswitha alitabasamu huku nyongo imempanda, maana Lothar alikuwa amesimama mbele ya maua yale muda mrefu, akiyagusa moja moja, wala hakugeuka kumtazama yeye.

Jumamosi iliyofuata geti lake lililia. Lothar! Roswitha alikimbilia birika.

"Nina swali," Lothar alisema alipokwisha kukaa. "Ile hotensia ya Gisela, ile ya mviringo. Mwaka huu haikutoa hata ua moja. Nami niliikata kama ulivyomwambia Wiebke. Nilikuwa nimejilaza kibandani kwangu, nikasikia kila neno, nikainuka siku ile ile nikachukua mkasi. Mpaka magotini." Alijaribu kucheka. "Gisela ndiye aliyeipanda, unajua. Nimekosea wapi, Roswitha?"

Ilikuwa imepita miezi tangu Lothar amuulize kitu.

"Hukukosea," Roswitha alisema. "Nilimdanganya Wiebke. Nilitaka yake isichanue."

Lothar alimtazama, kisha akakitazama kikombe.

"Itachanua tena?"

"Mwakani. Usiiguse tu."

Alitikisa kichwa polepole, akainuka, kahawa hajaionja. Getini alisimama.

"Wiebke anajua?"

"Hajui."

"Basi usimwambie. Atavunjika moyo, maskini."

Akaenda zake. Roswitha alibaki na vile vikombe viwili, aibu imemjaa, na bado, Mungu amsamehe, kilichomchoma zaidi ni kwamba Lothar alikuwa amemwonea huruma Wiebke.