Pindo la Sketi

Fundi cherehani alipiga pasi sketi ya shule, akaitundika mlangoni pamoja na za wateja, kisha akaishusha tena, akaiweka juu ya cherehani. Hii ilikuwa ya binti yake. Aliikata kabla matokeo hayajatoka, kosa ambalo kwalo angemcheka fundi mwenzake. Lakini mtoto alikuwa akipata sabini na kitu kila jaribio, na sabini ilikuwa A tangu dunia iwe dunia. Akamwachia na pindo pana, ivaliwe mpaka amalize.

Matokeo yakaja: sabini na nne. B. Shule yenye sketi ile haichukui B.

Asubuhi hiyo, kabla ya kushika pasi, alikuwa amekwenda ofisi ya elimu. Ofisa alikuwa anakunywa chai.

"Mama, mfumo umebadilika. A sasa inaanzia themanini."

"Umebadilika lini, baba?"

"Baada ya mtihani. Ni kuinua kiwango."

"Mwanangu nilimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kainama mwaka mzima. Leo mnaniambia mmehamisha kitanda?"

Ofisa alicheka kwa dhati, akamrudia maneno hayo mwenzake wa meza ya pili, naye akacheka mpaka akafuta macho. Kisha wakamwita anayefuata. Fundi alitoka amejaa hasira, na aibu ya kuwachekesha watu ambao alikwenda kuwalilia.

Jioni jirani yake akaingia na msichana wake, aliyepata nafasi shule ileile mwaka jana kwa sabini na moja. Msichana alikuwa amerefuka, na mwalimu wa zamu amemrudisha nyumbani kwa ajili ya sketi fupi.

"Shoga, niokoe, kesho asubuhi anatakiwa shuleni. Ile pale juu ya cherehani ya nani?"

Fundi alifungua mdomo. Binti yake, aliyekuwa chini akiokota vipande vya nyuzi, akamuwahi.

"Inauzwa, mama mdogo."

Hakuinua uso. Msichana aliivaa, ikamkaa vizuri, ila ilizidi kidogo kwa chini. Fundi akapiga magoti, akabana pini mdomoni, akaanza kupandisha.

"Na pindo lote hili!" jirani akafurahi. "Hii anamalizia shule. Utadhani ulijua."

Fundi hakuweza kujibu kwa sababu ya pini. Alipochomeka ya mwisho, pindo lilikuwa limekwisha kubanwa pande zote. Hata hivyo akachukua nyingine kwenye kopo, akazibana mdomoni.