Datsun ya Mihran Mbele ya Refa

Serikali ya California haina utani na moshi, na sisi watu wa Fresno hatuna utani na magari ya zamani. Gari la mwaka 1975 kurudi nyuma halipimwi tena, hata litoe moshi kama jiko la kuni. La 1976 kuja huku linapimwa mpaka life. Datsun ya Mihran ni ya 1976. Siku aliyoinunua palikuwa na nyingine ya 1974 imeegeshwa ubavuni mwake, nyeupe, nzima kabisa, lakini Mihran alipenda ile ya rangi ya chungwa. Nilimwambia. Akaniambia mimi nina roho ya karani.

Kisha akaiwekea injini nyingine, ya turbo, ya mwaka 1983. Watu wenye akili wakibadilisha injini au ekzosi huweka vipuri vya kiwandani chini ya kitanda. Siku ya kupimwa wanavirudisha, wanapata cheti, jioni wanavitoa. Nusu ya wanaume wa kanisani kwetu wanaishi hivyo na wanapokea komunyo bila wasiwasi. Mihran alikataa. Alitaka injini yake itambuliwe na kubandikwa kibandiko cha halali mlangoni, na hilo linafanywa na mtu mmoja tu, refa.

Refa wa moshi hupelekewa magari yaliyowashinda wapimaji wa kawaida. Anafungua boneti, anashika tochi, anatafuta kila waya na kila mpira uliotoka kiwandani na injini ile. Ukikosekana mmoja, rudi nyumbani. Yote yakiwepo, gari linapandishwa kwenye rola, linaendeshwa papo hapo bila kwenda popote, na mashine inanusa ekzosi. Refa wetu anaitwa Vang, mtu mpole, na upole wake ndio unaoudhi zaidi, kwa sababu hakuna pa kumgombeza.

Mwaka ninaousimulia Datsun ilikuwa imeshaanguka kwake mara mbili. Vipuri vyote vipo, moshi mchafu. Tunairudisha nyumbani, naikagua kila pembe, naichomekea mashine yangu ya gereji, moshi safi. Tunarudi kwa Vang, moshi mchafu. Nimekuwa fundi tangu nina nywele, na gari lile lilianza kuninyima usingizi.

Na haraka ilikuwepo. Sisi Waarmenia hatuli zabibu za mwaka mpaka padri azibariki, Jumapili moja ya Agosti, halafu tunajaa uwanjani mwa kanisa kula nyama ya kuchoma na kusengenyana. Mihran alikuwa ameahidi mbele ya watu wote kwamba mwaka huu angeingia pale na Datsun, yeye kwenye usukani, mkewe Siranush kando yake. Ahadi hiyo alikuwa ameitoa miaka kadhaa mfululizo, na watu wamechoka kuwa na adabu.

"Mihran, mwaka huu unakuja na gari au na picha yake?"

"Njoo na usukani tu, ndugu yangu, tutakupigia honi kwa mdomo."

Alicheka nao. Lakini alikuwa na miaka sabini na minne, amekonda, na mimi nilitaka aingie pale kanisani na gari lake hata kama ningelazimika kulisukuma. Sisemi hivyo kujipamba. Ni rafiki yangu na nilikuwa na hasira kwa ajili yake.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo tulikwenda kwa refa mara ya tatu. Niliendesha mimi, kwa sababu Mihran alisema mgongo unamuuma. Gari la nyumbani, Toyota, alishaacha kuligusa muda mrefu, anasema halina roho, mkewe ndiye anayeliendesha. Siranush alitufuata nalo, amebeba chakula kana kwamba tunahama. Kiti changu kilikuwa cha moto, nje hewa ilikuwa ya njano kwa vumbi, na njia nzima Mihran ameinamisha kichwa upande wa injini anaisikiliza.

Tulipofika, nilifungua boneti injini ipoe, nikaenda ofisini kujiandikisha. Mihran alienda kukaa kwenye benchi lenye kivuli upande wa pili wa uwanja. Niliporudi nikamkuta Siranush ameinama juu ya injini, mkono umezama mpaka kiwiko, nyuma kabisa ambako mimi mwenyewe huingiza vidole viwili kwa kutukana.

"Shemeji," nikasema, "umepoteza pete?"

Alishtuka, lakini mkono hakuutoa. Nikauingiza wangu kando ya wake. Pale nyuma kuna mpira mwembamba wa hewa, na alikuwa ameuvuta ukabaki umekaa mdomoni mwa bomba tu. Kwa tochi ungeonekana mzima. Injini ikikimbia ingevuta hewa pale, ingekohoa, na moshi ungekuwa mchafu. Ukiusukuma tena nyumbani, kila kitu safi. Lazima niseme nilimvulia kofia. Baba yake alikuwa na duka la vipuri na yeye alikulia nyuma ya kaunta.

"Mara zote mbili ni wewe?"

"Mara zote mbili. Leo nyumbani sikupata nafasi, ameganda gereji tangu alfajiri."

"Umerogwa? Mzee anaota gari hili usiku na mchana!"

"Punguza sauti, Onnik. Haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni! Katikati ya macho pamekufa. Pembeni ndiko kumebaki. Akiniangalia usoni anaona masikio yangu. Daktari alimkataza kuendesha tangu Krismasi."

Nilimtazama Mihran kule benchini. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa ananiomba nimsomee kila namba ya kipuri, nikidhani ni uvivu wa kuvaa miwani. Nilijisikia mjinga, na mimi nikijisikia mjinga huwa mkali.

"Basi mwambie usoni asiendeshe, acha uchawi wa mipira!"

"Nimemwambia mpaka ulimi umeota sugu! Anasema ni ukungu wa asubuhi tu. Gari likipata cheti leo, Jumapili ataliendesha. Uwanja ule umejaa watoto, shemeji. Unataka nifanye nini?"

Nilijua la kufanya, au nilidhani najua. Sikutaka mtu aliyejenga injini ile kwa mikono yake adanganywe na mpira. Kama ni kukatazwa, akatazwe na watu, waziwazi, gari lake likiwa limesimama na heshima yake. Nikausukuma mpira mpaka mwisho, nikakaza kibanio. Siranush alinishika mkono kwa nguvu, kisha akaachia. Hakulia. Aliniambia neno moja la Kiarmenia ambalo padri asingelibariki.

Vang akatuita. Alikagua, akaangaza, akasogeza vipuri vyote kwa kidole. Akaipandisha Datsun kwenye rola, akaingiza kijiti chake kwenye ekzosi, akakanyaga mafuta. Injini ilinguruma vizuri, haikukohoa hata mara moja. Mihran alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, na sikuweza kuutazama uso wake. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia tukishatoka, na kila nililolipata lilikuwa baya.

"Safi," Vang akasema. Akabandika kibandiko mlangoni kwa uangalifu. "Safi kuliko magari mengi mapya. Hongera, mzee. Nani aliifunga injini hii?"

"Mimi," Mihran akasema.

Vang alimnyooshea cheti. Mihran hakukipokea. Nilidhani hakukiona, nikakichukua mimi. Tulilitoa gari nje juani. Siranush alikuwa ameegemea Toyota, mikono kifuani, ananikata jicho.

Mihran alimwendea, akasimama karibu sana, kichwa amekigeuza kidogo pembeni.

"Leo hukuuvuta," akamwambia.

Siranush alishusha mikono.

"Ule mpira. Njia nzima nimesikiliza, sikusikia unavuta hewa. Zile mara mbili nilisikia tangu tunatoka getini kwetu."

"Ulisikia?" nikauliza. "Na ukaniacha nilale chini ya gari wiki mbili natafuta?"

"Ulikuwa unafurahi, Onnik. Una kelele ukifurahi." Kisha akamgeukia tena mkewe. "Leo niliposikia kimya nikasema, basi, amechoka na mimi. Ameniachia niende nikafe."

"Nilikuwa nauvuta hapahapa! Huyu mpumbavu amenishika!" Siranush alinionyesha kwa kidevu. Sasa alikuwa analia, na kilio kilimwongezea hasira. "Miezi yote hii unajua? Najichafua grisi mpaka kwapani kama kibarua, najifanya naenda kutafuta paka gereji, na wewe unajua?"

"Nilikuwa naomba usiache."

"Kwa nini hukusema tu?"

Watu wengine waliokuwa wakisubiri zamu wakajifanya wanatazama simu zao.

"Gari likikataliwa na serikali," Mihran akasema, "mtu anakaa nyumbani na watu wanaitukana serikali."

Siranush alimpiga kifuani kwa kiganja, si kwa utani. Halafu akakiacha kiganja palepale. Mimi nilikuwa nimesimama na cheti mkononi, kitu tulichokitafuta mwaka mzima, na ningekila kama kingenisaidia kuondoka pale.

"Sema sasa," akamwambia mumewe. "Sema mbele ya Onnik, ili kesho usiniambie ni ukungu."

"Sira."

"Sema."

"Sioni," Mihran akasema. "Sikuoni wewe. Naona nywele zako na lile gari nyuma. Wewe sikuoni."

Ndani, Vang aliita gari linalofuata, na mwenye gari hilo akaniomba kwa upole nisogeze Datsun, imeziba njia. Nilimpa Siranush ufunguo. Ilimzimikia mara mbili kabla hajapata gia ya kwanza, na Mihran, ameketi kando yake, alimwambia aachie klachi taratibu.