Buibui Juu ya Mlango

Watu wakisikia kwamba naogopa buibui, wanataka niuchanganye woga huo na vita. Wanasema labda nilijificha msituni, labda buibui alinitembea usoni huku askari wanapita. Hapana. Vita nilivikimbia kama wengine, na askari nawaogopa kama wengine. Buibui nilimuogopa tangu utotoni Bukavu, katika nyumba nzuri ya baba yangu mwalimu, na hakuna buibui aliyewahi kunifanya lolote. Mtu ana haki ya kuogopa kitu bila kutoa maelezo. Haki hiyo nilinyang'anywa siku nilipoitwa mkimbizi, na bado inaniuma.

Jina langu ni Benedicte. Nilifika Malawi mwaka 2004 na nikakaa kwanza Lilongwe, mtaa wa Kawale, nikishona nguo kwa cherehani ya kuazima kanisani. Chumba changu kilikuwa kidogo, lakini kuta zilipakwa chokaa, na kila Jumamosi nilipitisha ufagio kwenye pembe zote nne kabla hata ya kunywa chai. Chichewa nilijifunzia sokoni. Neno la tatu nililolijua, baada ya zikomo ya kushukuru na nsima, ugali wao, lilikuwa kangaude, ndiyo buibui kwa lugha yao. Nililiuliza makusudi, ili siku ya hatari nijue kuomba msaada.

Miaka miwili baadaye nikaolewa na Alimasi, mtu wa Kindu, aliyekuwa akiuza usipa, wale samaki wadogo wakavu wa ziwani, katika soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Yeye Mwislamu, mimi mwanakwaya. Watu wa kanisani kwangu walinuna, wa msikitini kwake walinuna, tukawaacha wanune. Alimasi hakuniomba nibadili dini wala nifunike kichwa. Binti yetu Furaha alipozaliwa, alikula sikukuu za pande zote mbili na akanenepa. Nilihamia kambini kwa sababu ya mume, na kwa sababu ya dossier, faili la maombi: mwenye kuomba kupelekwa ng'ambo lazima akutwe kambini siku anapoitwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo, chumba kimoja na nusu, paa la majani lenye plastiki nyeusi juu yake. Dirisha lilikuwa na ukubwa wa daftari. Mlango ulikuwa mmoja, na juu ya mlango, pale fremu inapokutana na majani, aliishi buibui. Mweusi, tumbo kama punje ya haragwe, miguu mirefu kupita haja. Nilimwona siku ile ile ya kuingia, mabegi yangu yakiwa bado mkononi, nikabaki nje mpaka jirani akaniuliza kama nimepotea.

Nilimwomba Alimasi amtoe. Akakataa kwa upole, na upole wake ndio ulionichosha zaidi. Akanieleza kwamba Mtume alipofuatwa na maadui alijificha pangoni, buibui akatanda utando mlangoni, maadui wakafika wakasema hapa hakuna mtu, wakaenda zao. Tangu hapo kwao Kindu buibui hauawi na utando wake hauvunjwi. Nikamwambia sisi hatufuatwi na mtu, tunafuatwa na malaria tu. Akasema basi vizuri, maana mbu pia anawala. Mwanaume mwenye jibu la dini na jibu la afya kwa pumzi moja humshindi.

Siku moja nilichukua ufagio nikaupiga ule utando. Buibui akakimbilia ndani ya majani. Alimasi, mtu ambaye kwa kawaida hunyamaza akiwa usingizini tu, alikaa siku mbili bila kusema nami. Siku ya tatu utando ulikuwa pale pale, na mume wangu akaanza kuongea tena.

Iliyonivunja ni asubuhi moja ya masika. Alimasi alikuwa ameshakwenda sokoni. Buibui akateremka kwa uzi wake mpaka katikati ya mlango, usawa wa uso wangu, akaning'inia pale. Mimi na Furaha tulikuwa ndani. Sufuria ya uji ilikuwa nje, juu ya mafiga, naiona. Furaha alilia njaa mpaka akachoka. Jirani yetu Ntirampeba, mama wa Kirundi, alipita na ndoo yake ya maji, na nikashindwa kumwita, kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba mwanamke aliyevuka nchi mbili kwa miguu na magari ya mizigo ameshindwa kuvuka mlango wake? Akapita. Tulikaa juu ya kitanda mpaka adhuhuri. Alimasi aliporudi, aliinama chini ya uzi kama mtu anayeingia ofisini, akatusalimu, akashangaa kwa nini nalia. Nililia kwa hasira, nikamwambia hivyo hivyo.

Basi mwaka 2011 tukaitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa ng'ambo. Kila mtu aliingia peke yake. Aliyeniuliza alikuwa kijana wa Kizungu mwenye adabu, na mkalimani wake alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Mimi niliona haya kwa Kiswahili changu. Kwetu kila kitu ni iko: mtu iko, mbuzi iko, shati iko, na ndio tunaitamka njo. Nilijikaza nizungumze vizuri.

Waliuliza ya Bukavu, nikayasema. Waliuliza ya njiani, nikayasema. Kisha yule kijana akauliza kama pana kitu chochote ninachokiogopa hapa, nyumbani ninakoishi. Kwa miaka mitano hakuna aliyeniuliza hivyo.

"Naogopa buibui," nilisema.

Mkalimani aliniangalia kidogo, akatafsiri. Kijana akaacha kuandika, akasogeza kiti. Aliuliza limekuwepo nyumbani tangu lini. Nilisikia lile li nikadhani ndivyo wanavyosema waliosoma.

"Iko tangu siku ya kuolewa," nilisema, na Kiswahili changu cha kujikaza kikaniishia hapo hapo. "Bwana yangu njo anakatala tuitoe. Anasema ni mambo ya dini."

"Na ukilitoa?"

"Siku moya niliitoa. Akakaa siku mbili bila kusema na mi."

"Likiwepo, unajisikiaje?"

"Nashindwa kupumua. Naona kama inataka kunifunika uso. Siku ingine inanifungia mu nyumba, mi na mtoto, mpaka bwana arudi."

Kijana aliandika ukurasa mzima. Alinisogezea karatasi laini za kufutia machozi. Nilitoka pale mwepesi, nikimshukuru Mungu kwamba katika dunia hii kuna mtu mmoja asiyecheka. Alimasi aliniuliza niliulizwa nini, nikamwambia ya kawaida.

Tulingoja. Kambini hakuna kazi kubwa kuliko hiyo. Kila Jumatano majina ya walioitwa yalibandikwa kwenye ubao, na kila Jumatano mmoja wetu alikwenda kuyasoma. Mwanzoni mwa mwaka 2013 nililiona langu, na la Furaha chini yake. Nikatafuta la Alimasi mpaka macho yakauma. Halikuwepo. Alimasi alisema ni makosa ya mashine, mashine huruka mstari. Alivaa kofia yake safi, tukaenda Lilongwe wote watatu kusahihisha.

Ofisini niliitwa peke yangu. Alimasi na Furaha walibaki kwenye benchi uani. Safari hii afisa alikuwa mama wa Kimalawi, mtu mzima, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Mkalimani alikuwa mtu wa kwetu, Lwaboshi, wa Bukavu kabisa, na nikafurahi kumsikia anavyoburuza maneno.

Afisa akafungua faili akasoma, Lwaboshi akatafsiri. Kwamba mimi Benedicte, Mkristo, ninalazimishwa na mume wangu Mwislamu kuvaa voile, nguo ya kujifunika. Kwamba nikiivua ananiadhibu kwa kuninyima maneno. Kwamba inanifunika uso na nashindwa kupumua. Kwamba nafungiwa ndani pamoja na mtoto.

Nilijiangalia. Nilikuwa nimevaa blauzi ya maua niliyoishona mwenyewe, kichwa wazi, nywele nimesuka.

Niliuliza voile imetoka wapi. Lwaboshi akageuza ukurasa na kunionyesha, ndani ya maandishi ya Kizungu, neno moja walilokuwa wameliacha kama nilivyolisema. Buibui. Kwetu Bukavu buibui ni mdudu, hana kazi nyingine. Kwa mtu wa pwani ni lile vazi jeusi la kina mama. Nilianza kucheka, kisha nikaona kwamba wenzangu hawacheki.

Maana afisa alikuwa bado hajamaliza. Alieleza kwamba mimi na mtoto tumekubaliwa, kwa kuwa tuko hatarini nyumbani. Tungesafiri kabla ya mvua. Mume angebaki, na dossier yake ingechunguzwa kivyake. Niweke sahihi hapa na hapa. Kama maneno haya si ya kweli nisiweke, lakini basi faili lingerudi mwanzo, sote tungehojiwa upya, na mbele yetu wapo wengi.

Lwaboshi aliinama kama anayeokota kalamu. "Mama, weka sahihi," alisema chini chini. "Bwana atafuata."

Sitasema uongo hapa, uongo wa kwenye faili unatosha. Nilitaka kuweka. Niliona nyumba yenye dari nyeupe, na milango mingi, na Furaha akienda shule yenye vioo. Niliikumbuka ile asubuhi ya sufuria nje, na hasira yangu yote juu ya Alimasi ikarudi, nikasema moyoni mwangu kwamba si amemchagua buibui, basi abaki naye. Nilichukua kalamu. Nilijiambia kwamba sikusema neno hata moja la uongo, na ni kweli, sikusema.

Wanawake walioambiwa bwana atafuata nawajua. Wako ng'ambo, na mabwana wako Dzaleka, wanasoma ubao kila Jumatano.

Dirishani niliwaona wale wawili. Furaha alikuwa amelala kwenye mapaja ya baba yake na jua limeshawafikia. Alimasi alivua ile kofia yake safi akamfunika nayo uso, akakaa kichwa wazi juani bila kusogea asije akamwamsha.

Niliweka kalamu chini. Sikumtazama Lwaboshi, nilimtazama yule mama.

"Amayi," nilimwambia. "Kangaude."

Hakuelewa kangaude ameingiaje hapo. Nikaweka mkono wangu juu ya meza yake, nikautembeza kwa vidole mpaka kwenye faili, na mwili wangu wote ukasisimka kwa kinyaa.

"Kangaude," nilirudia. "Njo naogopa. Iko juu ya mlango."

Lwaboshi akatafsiri, na yule mama akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akalitazama faili, akanitazama mimi, na kicheko kikamwisha. Aliuliza kwa Chichewa, polepole, ili nielewe bila mtu wa katikati, kama najua ninachokikataa. Nilimwambia najua. Akachukua kalamu ya wino mwekundu akapiga mstari juu ya ukurasa wote.

Nilimweleza Alimasi tukiwa njiani kurudi. Tuliposhuka gari barabarani tulichukua baiskeli mbili za kabaza, zile za kubeba abiria, yeye mbele, mimi na Furaha nyuma, na nilimwona mgongo tu mpaka kambini. Nilidhani zinaanza zile siku mbili za kununiwa.

Tulipofika hakukaa chini. Alisimama chini ya mlango akautazama ule utando.

"Kwa nini haukuweka sahihi?" aliuliza.

Nami nikamuuliza yangu. "Mtume alikaa mu ile pango siku ngapi?"

"Siku tatu."

"Siye iko mwaka ya saba, Papa Furaha."

Kisha alichukua ufagio, akasema bismillahi kama mtu anayechinja, akaufagia utando wote, na fremu, na majani ya juu, mpaka vumbi likamjaa ndevuni. Hakuna zawadi niliyopewa katika ndoa ile iliyoniumiza kama hiyo, na sikujua kumshukuru.

Asubuhi niliamka kabla yake. Ilikuwa Jumatano. Buibui alikuwa amerudi. Alikuwa na uzi mmoja tu, kutoka pembe moja ya fremu hadi nyingine, anautembea kwenda na kurudi, anaanza upya. Ufagio ulikuwa umeegemea ukuta, mkono wangu ungeufikia. Nilimtazama muda mrefu, jasho likinitoka, kwa sababu namuogopa mpaka leo, hilo halikubadilika. Ufagio niliuacha pale pale. Nikajifunga kitenge, nikainama, nikapita chini yake, kwenda kusoma ubao.